Saini ya Mama Yake Kinlee

Mwalimu Colleen Voss alimkabidhi Verlene Stubbs karatasi ya idhini ya kupanda farasi mlangoni mwa kanisa, pale pale watu wanapopeana mikono na mchungaji, kwa hiyo Verlene hakuwa na pa kukimbilia. Aliipokea kwa tabasamu la Jumapili, akaikunja bila kuitazama, akaitia mkobani kati ya Biblia na pakiti ya pipi za mnanaa.

"Isome, dada, usiifungie," Mwalimu Colleen alimwambia. Alikuwa amefundisha darasa la pili miaka mingi kabla ya kustaafu na kufungua ranchi ya hisani kwa watoto wenye ulemavu, na mpaka leo alizungumza na watu wazima kana kwamba wanasubiri kusahihishiwa hesabu. "Ya safari hii si kama zile za nyuma. Kampuni ya bima imebadilika. Wanataka mzazi mwenyewe, na kitambulisho chake, atie saini mbele ya mama wa benki mwenye muhuri wa kuthibitisha saini. Jumamosi atakuwa pale ranchini tangu asubuhi."

"Mzazi mwenyewe," Verlene akarudia.

"Mzazi, au mlezi mwenye hati ya mahakama. Najua Tamra yuko mbali na kazi zake, lakini mwambie ajitahidi. Bila hiyo siruhusiwi kumpa mtoto hata burashi ya kumsugulia farasi." Akamshika bega. "Na mjukuu wako ndiyo zamu yake ya kuachiwa kamba aongoze mwenyewe. Itaniuma sana akikosa."

Nyuma yao foleni ilikuwa imesimama. Waliosikia jina la Tamra walianza kutazama viatu vyao. Hapa mjini Pruitt kuna majina yanayotajwa kwa sauti ya chini kama magonjwa ya ndani, na hilo ni mojawapo.

"Atakuja," Verlene alisema. "Mbona atakuja tu."

Mumewe, Doyle, aliyekuwa pembeni na kofia mkononi, alimtazama mkewe usoni, kisha akatazama kwingine. Alimjua. Mke wake alipoanza sentensi kwa "mbona", uongo ulikuwa umeshatia mguu ndani ya nyumba.

Ukweli ni kwamba karatasi hizi hakuna azisomaye. Mtoto wa nchi hii huanza kuwekewa saini kabla hajaota meno. Kuna saini ya kuogelea, ya kurukaruka kwenye magodoro ya hewa, ya kambi ya kanisa, na hii ya farasi. Mzazi huiweka karatasi juu ya boneti ya pikapu, upepo wetu wa Oklahoma unaivuta huku na huku, naye anaandika jina lake huku akimfokea mtoto afunge kamba za viatu. Ni kama sala ya chakula: midomo inatembea, macho yako kwenye viazi. Hata kwenye lango la ranchi lipo bango la sheria la kumwonya kila apandaye farasi kwamba hatari ni yake mwenyewe. Ndege wamelinyea bango hilo tangu lilipowekwa, na hakuna aliyewahi kulifuta ili alisome.

Verlene naye hakuwa tofauti na wenziwe, isipokuwa kwa jambo moja. Kila masika yeye aliandika jina lisilo lake. Aliandika Tamra Jo Stubbs, jina la binti yake, kwa mwandiko mzuri wa kadi za Krismasi.

*

"Mwambie Colleen ukweli," Doyle alisema mchana ule jikoni. Kulikuwa na nyama ya kuoka na maharage mabichi ya kopo, chakula chao cha Jumapili zote. Kinlee, mjukuu wao, alikuwa ameshakula, yuko sebuleni na vitabu vyake vya farasi.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hatuna hati ya mahakama. Kwamba uliandika jina la Tamra."

"Halafu afanye nini? Yule ni mwalimu, Doyle. Sheria imemfunga. Atapiga simu ustawi wa jamii, waje hapa na vitambulisho vyao shingoni, waulize huyu mtoto yuko kwenu kwa idhini ya nani. Utawajibu nini? Kwa idhini ya nyama ya kuoka?"

"Nilikwambia tuende mahakamani mapema."

"Nikamnyang'anye binti yangu mtoto mbele ya jaji? Kwani amekufa?"

Hilo lilikuwa neno lake la siku zote, na katika ukoo wao halikuwa neno dogo. Kwa kina Stubbs, kumpeleka mwanao mahakamani ni kumzika hai. Mtoto alihamishwa kwa maneno ya mezani tu: kaa naye, mama, mpaka nitakapotoka jela; haya, mwanangu. Na wakakaa naye.

"Kwa hiyo ukaona heri kughushi," Doyle akasema polepole.

"Neno hilo usilitaje kwenye nyumba hii."

"Lilishatajwa, Verlene. Kwenye meza hii hii."

Wote wawili walimwona tena sherifu wa siku ile, ameketi pale kilipokuwa chombo cha siagi. Tamra wakati ule alikuwa mtu wa vidonge vya kulevya, na vidonge havinunuliwi kwa kitabu cha nyimbo. Alichukua kitabu cha hundi cha mama yake, akawa anaandika jina la mama yake. Benki ilipoona mwandiko umepinda ilimpigia sherifu, naye akaja, akavua kofia, akazipanga zile hundi mezani na kuuliza swali moja tu: "Verlene, hizi saini ni zako?"

Verlene akasema hapana. Alidhani watamtisha msichana siku mbili tatu, arudi nyumbani na akili. Lakini mahakama haina huruma ya mama. Tamra alikwenda jela, na alipotoka hakurudi Pruitt. Sasa alikuwa mpishi kwenye kituo cha malori, mji wa mbali kwenye barabara kuu, na kifungo cha nje bado kilikuwa kinamfuata kama kivuli.

Sebuleni kitu kilianguka. Kinlee alikuwa anajaribu kufikia kitabu cha juu. Msichana huyu alizaliwa miguu imekaza, na alitembea na vyuma kuanzia kwenye nyayo hadi chini ya magoti. Madaktari walikuwa wamesema mengi, lakini kilichomfungua miguu ilikuwa mgongo wa farasi. Baada ya masika ya kwanza ranchini, alitoka kwenye kochi akaenda mpaka kwenye friji peke yake, akachukua maziwa, akayamwaga yote sakafuni. Verlene alideki yale maziwa akilia kwa furaha. Majira ya baridi, ranchi ikifungwa, miguu ilianza kukaza tena, na kila mwaka walingoja masika kama watu wanaongoja mshahara.

"Basi tumfuate Tamra," Verlene akasema.

"Tumfuate. Wewe ndiye utakayemwambia."

*

Tamra alitoka jikoni mwa kituo cha malori akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amenenepa kidogo na meno yake ya mbele yalikuwa mapya. Alimbusu baba yake shavuni. Mama yake alimpa mkono, akaupokea, wakashikana mikono kama watu waliouziana trekta.

"Nina muda wa kuvuta sigara tu," alisema akikaa, "na sigara nimeacha. Kwa hiyo wote ni wenu."

Doyle akacheka. Alikuwa ameagiza pai ya pichi ili apate kitu cha kutazama.

"Umependeza, mwanangu."

"Nimeshiba, baba. Mpishi hafi njaa. Kinlee hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu," Verlene alijibu. Kinlee hakuwa ametuma salamu yoyote. Hakuambiwa wanakwenda wapi. Aliachwa kwa jirani. Verlene aliitoa karatasi, akaitandaza mezani, akaweka kalamu juu yake, tayari imefunguliwa. "Ni karatasi ya farasi tu. Sasa wanataka uje mwenyewe. Jumamosi, saini moja, nusu saa kazi imekwisha. Mafuta tutakurudishia sisi."

Tamra aliisogeza kalamu pembeni, akaanza kusoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Amewahi kukaa mahali ambapo karatasi usiyoisoma ndiyo inayokukaba, na tabia hiyo alitoka nayo. Mhudumu alipita na birika la kahawa mara mbili. Verlene alianza kujisikia kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama, hii uliisoma?"

"Zote ni zile zile."

"Hapa wametaja kuumia, kupooza na kufa. Kufa, mama. Tandiko likiteleza kwa sababu mtu wao hakulikaza, mimi sina la kudai. Hata kosa likiwa lao."

"Ni maneno ya bima hayo. Colleen ni mtu wa Mungu."

"Mtu wa Mungu mbona anaandikisha?"

Doyle alipaliwa na pai.

"Na hapa: mimi mzazi naachilia haki zangu zote." Tamra akainua macho. "Zipi? Nionyesheni kwanza nilizo nazo, ndipo niziachilie. Hata kiatu anachovaa sijui ni namba ngapi."

"Hatukuja kugombana, Tamra."

"Sigombani, nauliza. Huyo farasi ana umri gani? Amewahi kumtupa mtu? Nani anatembea ubavuni mwake?"

Verlene alijua kwamba farasi anaitwa Shemasi, kwa kuwa hakuna amharakishaye, na kwamba ni wa rangi ya kahawia. Masika yote yale hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo, na sasa aliona aibu, aibu ya kuulizwa na huyu kati ya watu wote.

Kidole cha Tamra kilikuwa kimefika chini ya karatasi, kikasimama.

"Hapa wananitaka nithibitishe na zile za miaka iliyopita. Kwamba nazo ni saini zangu." Akasoma tena. "Zipi tena hizo? Mimi nilikuwa ndani. Huko hatuletewi karatasi za farasi."

Verlene aliivuta karatasi, akatafuta miwani, akausoma mstari ule kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameutembeza mtego mkobani tangu Jumapili, pamoja na pipi za mnanaa.

"Baba, nani alikuwa anatia saini?"

Doyle akaweka uma chini. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kwenye ndoa yao hilo lilikuwa limetosha mpaka leo.

"Niliandika jina lako," Verlene alisema. "Kwa ajili ya mtoto. Si kwa ajili yangu."

Walidhani atapiga kelele. Madereva wawili kwenye meza ya jirani nao walidhani hivyo, wakaacha kutafuna. Lakini Tamra aliegemea kiti tu.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema. "Na ile Jo ya katikati uliiandika?"

"Niliiandika."

"Hongera. Mimi lako lilinishinda. Ile V yako. Ndiyo waliyonikamatia."

"Usilinganishe! Wewe uliiba."

"Niliiba. Nikafungwa, sikatai. Lakini sherifu alikuuliza swali moja, mama. Moja tu."

"Ulitaka nimdanganye sherifu?"

"Nilitaka uwe mama yangu kwa dakika moja. Ungeweza kunipiga baadaye."

Kengele ililia jikoni. Tamra alisimama, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa aproni penye alama za mafuta.

"Nitafikiri. Ila mjue jambo moja. Mimi niko kwenye kifungo cha nje. Nikisema uongo mbele ya muhuri, neno moja tu, narudi ndani, na kazi hii imekwenda. Kwa hiyo msinihesabie."

Alimbusu baba yake tena na kurudi jikoni. Hakumuaga mama yake.

Walirudi Pruitt kwa gari. Nje hakukuwa na kitu ila ngano changa imelala upande mmoja kwa upepo.

"Ungemwomba msamaha," Doyle alisema mwishowe.

"Kwa lipi?"

"Chagua."

*

Wiki ile buti za Kinlee zilikaa mlangoni, zimepakwa mafuta. Kila akitoka shule alizipitia, akazipiga kwa fimbo yake, kok kok, kama mtu anayebisha hodi. Habari za karatasi alikuwa amezidaka kwenye simu za bibi yake, maana nyumba ile kuta zake ni nyembamba na mtoto huyu kilicholemaa si masikio.

"Tamra anakuja Jumamosi?" aliuliza siku moja wakati bibi yake akimsuka nywele. Hakuwahi kumwita mama. Si kwa ubaya. Neno lenyewe halikuwa limepata nafasi ya kukaa.

"Akipata ruhusa kazini."

"Asipopata, mimi nitapanda?"

"Tulia kichwa."

"Babu amesema kama hakuna saini hakuna farasi."

"Babu yako siku hizi anasema sana."

Ijumaa mchana Verlene alikaa karibu na simu. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Mwalimu Colleen: nilikosea, nilimwonea huruma mtoto, nifanye nini sasa. Yalikuwa maneno mazuri, mafupi, na aliyasema yote mbele ya sinki bila kukwama. Alipoinua simu aliona sura za watu wa foleni ya kanisani, jinsi wangeanza kutazama viatu vyao likitajwa jina la Verlene. Akairudisha. Akaenda kukaanga kuku.

*

Jumamosi upepo ulikuwa mkali. Mama wa benki alikuwa ameweka meza yake chini ya paa la bati, kando ya uzio, na kila rundo la karatasi amelikandamiza kwa kiatu cha farasi. Wazazi walikwenda mmoja mmoja, wakaonyesha vitambulisho, wakasaini kwa haraka, wakapigiwa muhuri. Hakuna aliyesoma. Watoto wao walivishwa kofia ngumu na kupandishwa.

Kinlee alisimama nje ya uzio, upande wa bango, na buti zake na kofia yake mwenyewe.

"Kwa nini mimi nisimame huku?"

"Ni sheria, mpenzi," Doyle alimwambia.

Shemasi, ambaye hakusomewa sheria, alimwona rafiki yake, akaja taratibu mpaka kwenye uzio, akapenyeza pua yake kati ya mbao mbili. Kinlee akanyoosha mkono na kumgusa. Mwalimu Colleen akaja akikimbia nusu, uso umejaa huruma.

"Mkono, mpenzi. Urudishe. Samahani. Hata kumgusa, mpaka karatasi ipatikane." Akamwongoza farasi kwa hatamu, akamwondoa. Wazazi wengine waliona, na kwa wema wao wakajifanya hawakuona, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kinlee hakulia. Aliutia mkono mfukoni, akautazama mgongo wa farasi ukienda.

Verlene alimfuata Mwalimu Colleen.

"Mwalimu, kuna jambo nataka kukwambia."

"Niambie, dada."

Maneno yalikuwepo, yale yale ya kwenye sinki. Nilikosea. Nilimwonea huruma. Akavuta pumzi. Na hapo gari dogo chakavu, lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, likaingia langoni kwa vumbi, na Tamra akashuka bado na viatu vyake vya jikoni.

"Ndiyo hilo," Verlene akasema upesi. "Kwamba amefika."

Tamra hakwenda mezani. Alikwenda kwanza pale alipokuwa Kinlee, akachuchumaa ili wawe macho kwa macho.

"Wewe ndiye Tamra," mtoto alisema.

"Ndiye mimi."

"Kwenye picha ulikuwa mwembamba."

"Ni viazi vya kazini. Huyu farasi wako, anauma?"

"Haumi. Anajamba."

"Basi nataka kuonana na wakubwa wake."

Akasimama, akamgeukia mwalimu wake wa zamani, na kwa dakika moja hakujua aweke wapi mikono. "Shikamoo, Mwalimu. Nina maswali kabla ya saini."

"Marahaba, Tamra. Uliza."

"Amewahi kumtupa mtoto?"

Wazazi waliokuwa karibu waligeuza vichwa.

"Mara moja. Mwaka tulioanza. Mfuko wa plastiki ulipeperuka akashtuka. Mtoto alivunjika kifundo cha mkono, akapona. Tangu hapo kila asubuhi naokota takataka kiwanja kizima kwa mikono yangu."

"Nani atatembea naye?"

"Mimi upande huu, na kijana wa kanisa upande ule."

"Na tandiko nani kalikaza?"

"Mimi. Njoo uliangalie."

Tamra akaenda, akatia vidole chini ya mshipi wa tandiko, akavitoa. Hakujua lolote la matandiko, na wote waliona kwamba hajui, lakini hakuna aliyecheka.

"Asante kwa kuniambia la yule mtoto," alisema.

"Asante kwa kuuliza. Karatasi hizi nimezigawa miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza swali." Mwalimu Colleen hakumtazama Verlene aliposema hivyo, na hakukuwa na haja.

Wakaenda mezani. Tamra akatoa kitambulisho, akatoa ile karatasi yenye madoa ya mafuta, akatia saini kwa mkono wa kushoto, herufi zake zimelala kinyumenyume kama zilivyolala tangu darasa la pili. Mama wa benki akaishika saini mpya kwa vidole viwili na kutandaza zile za zamani ubavuni mwake. Zile zilisimama wima, nadhifu, kila herufi imevaa na kupendeza, kama kadi za Krismasi. Mtu hakuhitaji shule kuona tofauti, na Mwalimu Colleen ndiye aliyemshika Tamra kidole akamfundisha kuandika.

Mwalimu aliziangalia moja moja. Mama wa benki alikuwa ameinua muhuri, anangoja.

"Tamra," Mwalimu Colleen akasema, "hizi saini ni zako?"

Doyle alivua kofia bila kujua kwa nini. Verlene alijua. Lilikuwa ni swali lile lile la sherifu, karibu kwa sauti ile ile, na sasa liliulizwa mbele yake kwa mara ya pili, safari hii na mwanawe ndiye wa kulijibu. Angeweza kusema yeye. Ni maneno mawili: niliandika mimi. Angesema, na Tamra angebaki msafi, na kesho kanisa lingetazama viatu vyake, na ustawi wa jamii wangekuja na vitambulisho vyao.

Tamra aligeuka akamtazama mama yake. Hakumkazia macho. Alimpa nafasi tu, kama unavyomwachia mtu mzima nafasi apite kwanza mlangoni. Muhuri ulikuwa hewani. Kwenye uzio Kinlee alikuwa ameshaanza kukaza kamba ya kofia yake chini ya kidevu.

Verlene hakusema kitu.

"Zangu," Tamra akasema. "Zote."

Muhuri ukashuka, ukashuka tena, na tena. Mwalimu Colleen alizikusanya karatasi, akazipanga kingo, akaweka kiatu cha farasi juu yake. "Haya," alisema kwa sauti ndogo, na sauti hiyo haikuwa ya mwalimu. "Kamchukue mwanao, aje apande."

Tamra alipita karibu na mama yake bila kusimama.

"Unaona, mama?" alisema. "Halikuwa swali gumu."

Akafungua lango, akampa Kinlee mkono, wakaingia polepole, viatu vya jikoni na buti zenye vyuma. Verlene alianza kuwafuata. Alikuwa na neno la kusema sasa, na lilikuwa moja tu.

"Samahani, bibi," mama wa benki alimwita kwa upole kutoka mezani. "Huko ndani ni aliyetia saini peke yake."

Basi alibaki nje, mkono kwenye uzio. Walimpandisha mtoto, miguu ikalegea ikashika mbavu za Shemasi, na Tamra akasimama pembeni, mdomo wazi kama mtu aliyeona kitu ambacho wengine walikuwa wamekizoea. Kamba ikafunguliwa. Doyle alipiga makofi. Verlene hakuweza kuwatazama watu watatu aliowajua kuliko wote, na hakujua aelekeze wapi macho. Akachukua leso mkobani, akafuta kinyesi cha ndege kwenye bango, akaanza kulisoma kutoka neno la kwanza.